Miaka Thelathini na Moja ya Kusema "Zima"

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi, mkuu wetu wa lango anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, saa ileile ambayo lango hufungwa. Tumemwita Bwana Zima kwa muda mrefu kiasi kwamba barua yake ya kustaafu ilipofika ikiwa na jina alilopewa na wazazi, mhudumu wa mapokezi alitaka kuirudisha, akisema hapa hatuna mtu wa jina hilo.

Kamati ya hafla imeniomba mimi, fundi wa magari, niandike wasifu huu. Niliuliza kwa nini mimi, wakati ofisi ina watu wenye shahada na mwandiko mzuri. Katibu wa kamati akanieleza kwa upole kwamba walipekua Daftari la Injini na kugundua kuwa hakuna mtumishi aliyekamatwa na mstaafu mara nyingi kunizidi, kwa hiyo hakuna anayemfahamu kwa karibu zaidi. Sikubishana. Kamati ilikuwa na ushahidi wa maandishi.

Kwa wageni wetu wa leo, naeleza kidogo. Hifadhi yetu ni pori ambalo sheria imeamua liachwe lilivyo. Lina lango moja, na langoni pana kizuizi cha bomba la chuma, na chini ya kizuizi pana mstari mweupe uliopakwa kwenye saruji. Chombo chochote chenye injini huishia kwenye mstari huo. Mbele ya hapo ni miguu yako na Mungu wako. Mgonjwa asiye mahututi hubebwa kwa machela, mizigo huenda kichwani, mgongoni au kwa toroli, na wanyama wa kupanda walikatazwa zamani kwa kanuni nyingine, kwa sababu ya magonjwa. Kazi ya Bwana Zima ilikuwa kusimama kwenye mstari na kusema neno moja. Kazi yangu mimi ni kufufua injini, mahali ambapo injini ni mhalifu. Ni sawa na kinyozi kuajiriwa kwenye kambi ya vipara. Mshahara unakuja, lakini hakuna anayekuonea wivu.

Mstaafu alianza kama askari wa zamu akiwa na miaka ishirini na minane, akitokea kwenye kazi ya utingo wa lori. Miaka sita ya utingo ilimfundisha injini vizuri. Alizijua kama mtu anavyowajua mashemeji zake: alizipenda, alizisikia zikija kutoka mbali, na hakuziamini hata kidogo. Baada ya miaka saba akapandishwa cheo kuwa mkuu wa lango, na cheo hicho amekaa nacho miaka ishirini na minne bila kuomba kingine.

Tangu siku yake ya kwanza aliandika kila injini aliyoirudisha: tarehe, aina, jina la aliyekuja nayo, sababu aliyopewa, na hatua. Nimezihesabu mwenyewe, maana siandiki namba nisiyoihesabu. Hadi juzi zilikuwa 4,812. Hiyo ni karibu injini tatu kila wiki, mvua na jua, kwa miaka yote hiyo. Saba kati ya hizo ni zangu. Yaani ukishika injini 687 kutoka kwenye daftari lile bila kuchagua, tarajia moja iwe imetoka mikononi mwangu.

Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoudhi watu. Mtu mkali unaweza kugombana naye. Siku moja kiongozi mmoja alikuja na msafara wa magari manne, na msaidizi wake akashuka, akamuuliza Bwana Zima kama anajua gari lile la mbele ni la nani. Mstaafu akainama, akasoma namba ya gari, akaiandika kwenye daftari, akamshukuru na kusema sasa anajua. Kisha akatoa viti vinne na maji ya kunywa. Kiongozi alikaa dakika kumi akicheka peke yake, akavua koti, akatembea kilomita moja na nusu kwenda na kurudi, na aliporudi alimwambia msaidizi wake kwamba mwaka mzima hakuwa amesikia pumzi yake mwenyewe. Msaidizi alibaki garini. Msafara wote upo daftarini, injini namba 2,260 hadi 2,263.

Binti mmoja wa miaka minne alikuja na gari lake la kuchezea linalotumia betri. Bwana Zima alichuchumaa, akalitazama, akaniita kutoka karakana nitoe maoni ya kitaalamu. Mimi, kwa kupenda kuonekana mtaalamu, nikasema ndiyo, ile ni mota, na mota ni injini. Akaandika, akampa mtoto risiti, akamwahidi gari litalala kwenye droo ya ofisi na halitaguswa na mtu. Mtoto hakumkasirikia yeye kabisa. Alinipiga teke mimi, kwenye ugoko.

Halafu wale maharusi. Walitaka picha ndani ya pori wakiwa juu ya pikipiki yao, injini ikiwa imezimwa, wanaisukuma tu. Bwana Zima akawaambia mbwa aliyelala bado ni mbwa. Bwana harusi, kwa hasira, akasema basi na itolewe hiyo injini. Alikuwa anatania, lakini mstaafu hakuona utani, akageuka kuniangalia. Nilitoa injini ile kwa saa moja na dakika hamsini, nikiwa nimezungukwa na mashahidi wa harusi wenye suti. Injini ikalala langoni na risiti yake, pikipiki nyepesi ikasukumwa ndani, picha zikapigwa. Kuirudisha ilinichukua saa tatu, na mwisho nilibaki na nati mbili mkononi ambazo sikujua zimetoka wapi. Nawaombea maharusi wale heri popote walipo, na natumaini waliuza ile pikipiki mapema.

Hoja ngumu kuliko zote ilikuja na baiskeli za umeme. Mgeni mmoja, mwanasheria kwa sauti yake, alisema chombo chake hakina injini, hakitoi moshi, hakina kelele, na kwamba kanuni iliandikwa kabla hakijavumbuliwa. Bwana Zima alimsikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema kinachokusogeza mbele bila wewe kutokwa na jasho ni injini. Mwanasheria akashuka. Kauli ile iliandikwa kwenye ukuta wa kibanda cha lango na mimi ndiye niliyezichora herufi zake kwa rangi nyekundu. Laiti ningejua ninachochora.

Sasa nifike kwenye habari yangu, kwa sababu kamati imenionya kwamba nisipoisimulia mimi ataisimulia karani wa stoo.

Mimi ufundi sikuusomea. Niliufagia. Nilianza kwa kufagia sakafu ya gereji ya mtu, nikawa nafagia polepole karibu na magari yanayofunguliwa, na baada ya miaka minane nikajua kufunga kile nilichokuwa nafagia chini yake. Nilipoajiriwa hapa, miaka kumi na tisa iliyopita, nilikuwa na kiburi cha mtu aliyejifundisha mwenyewe, na hakuna kiburi kibaya kuliko hicho, kwa kuwa hakuna mwalimu wa kukusuta.

Mwezi wangu wa pili kazini, kibanda cha doria kilichoko ndani ya pori kilihitaji mabati. Niliwaona watu kumi na mmoja wanajipanga kubeba mabati kichwani, kilomita tisa, kazi ya siku mbili. Nikapiga hesabu. Pikapu ya ofisi ingemaliza safari moja, saa moja, na watu kumi na mmoja wangefanya kazi nyingine. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Nikasubiri Bwana Zima aende msalani, nikainua kizuizi, nikaingia. Nilifika mita mia tatu na arobaini. Hapo udongo, ambao juu unaonekana mgumu, una ganda jembamba kama la maziwa yaliyopoa, na chini yake ni unga. Pikapu ilikaa chini kama kuku anayetaka kutaga.

Bwana Zima alikuja kwa miguu, bila kukimbia. Aliingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo mwenyewe, akasema, "Zima," wakati tayari ilikuwa imezimwa. Kisha wale watu kumi na mmoja, pamoja na wengine watatu, wakalivuta gari kinyumenyume kwa kamba mpaka nje ya mstari, mimi nikiwa wa kumi na tano, nyuma kabisa, nikisikia kila kilichosemwa kuhusu ukoo wangu. Baada ya hapo wakabeba mabati.

Aliandika tukio lile kwa ukamilifu, na nakala ikaenda makao makuu. Kwa sababu ya karatasi ile nilicheleweshewa cheo miaka mitatu. Nieleze hasara hiyo ilivyokuwa: karakana yetu ina fundi mmoja. Kwa miaka mitatu nilikuwa fundi msaidizi wa kiti kitupu. Nilipokea maagizo kutoka kwangu, nikayalalamikia, na mwisho wa mwaka nikajijazia fomu ya tathmini ya utendaji nikajipa alama ya wastani. Nilimnunia Bwana Zima muda wote huo. Salamu nilimpa, maana adabu nilifundishwa, lakini nilimpa ile salamu ya kuangalia pembeni. Yeye aliipokea kama salamu nyingine zote.

Makosa yangu mengine ni madogo na sitayachosha masikio yenu. Lipo la jenereta nililolisukuma ndani likiwa juu ya magurudumu, na lipo la pikapu iliyovusha pua yake mstari nilipokuwa nageuza. Bwana Zima alipima kwa tepu yangu mwenyewe: sentimita ishirini na mbili. Mpaka mwaka huu nilikuwa nayo sita. La saba ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Kuna desturi ya lango ambayo wengi wa ofisini hawaijui, maana hawajawahi kufika inakofanyika. Kila mkuu wa lango, siku anayopewa cheo, hutembea mpaka kile kibanda cha doria, kilomita tisa, na kupigilia msumari wake ukutani. Akikaribia kustaafu hurudi na kutundika filimbi yake kwenye msumari huohuo. Kabla ya Bwana Zima walikuwepo wakuu watano. Misumari minne ina filimbi. Mmoja ni mtupu, na hakuna askari asiyejua maana yake: mwenyewe alifukuzwa kwa kupitisha gari la rafiki yake. Msumari wa sita ni wa Bwana Zima, na umemsubiri miaka ishirini na minne.

Miezi mitatu iliyopita goti lake la kulia lilianza mgomo. Daktari alilipiga picha, akatikisa kichwa, akaandika: kutembea kusizidi kilomita mbili kwa siku, na baada ya hapo mguu upumzike. Kibanda kiko kilomita tisa. Habari ilizunguka stesheni nzima kabla ya chakula cha mchana. Bwana Zima ataondoka, na ukutani kutabaki misumari miwili mitupu, na askari wa miaka ijayo hatajua upi ni wa aliyefukuzwa na upi ni wa goti.

Mkuu wa hifadhi alimwita na kumwambia jambo hili ni dogo. Kanuni inaruhusu gari kuingia kwa dharura likiwa na kibali, kibali husainiwa na mkuu wa lango, na mkuu wa lango ni yeye mwenyewe. Asaini, fundi ampeleke, saa moja, yameisha. Bwana Zima akamkumbusha kwamba katika miaka yake yote langoni amesaini vibali vinne: moto mmoja, wagonjwa wawili mahututi, na mama mmoja aliyejifungua kabla dereva hajapata ufunguo. Filimbi, akasema, haiumwi. Mkuu akamwambia basi abebwe kwa machela. Akajibu kwamba machela ni ya majeruhi, na goti la miaka sitini halijajeruhiwa, limezeeka tu, na uzee haujatajwa kwenye kanuni. Alitoka ofisini akichechemea, akarudi langoni, akarudisha gari moja dogo na pikipiki mbili kabla ya jua kuzama.

Hapo ndipo mimi nilipojitosa. Sitasema ni kwa upendo. Ilikuwa zaidi kwamba nimeshindwa na mtu huyu mara sita na niliona nafasi ya kushinda moja. Nilikuwa na magurudumu ya pikipiki zilizokufa, kiti cha basi, mabomba na mashine ya kuchomelea. Kwa siku ishirini na mbili nilitengeneza mkokoteni wa abiria mmoja. Haukuwa na injini, betri, wala hata kengele. Niliujaribu kwa kumkalisha karani wa stoo, kilo tisini na nne, nikamvuta mita mia sita kuzunguka karakana. Alilala usingizi. Nikajua nimepata.

Siku ya uzinduzi walikuja karibu wote. Bwana Zima aliuzunguka mkokoteni mara mbili, akaukagua chini kwa kutumia goti zima, akasifu uchomeleaji. Akaketi. Nikashika mishikio, nikavuta. Naweza kuapa kwamba uso wake ulikuwa wa mtu aliyefurahi. Tulipobakisha mita mbili kuufikia mstari, nikasikia nyuma yangu lile neno. Nikasimama, miguu yangu ilitii kabla sijaiambia.

Akauliza nani anatokwa na jasho. Nikasema mimi, na lilikuwa linaonekana. Akauliza nani anasogea mbele bila jasho. Nikaangalia ukuta wa kibanda, nikayaona maandishi yangu mwenyewe, mekundu, yamenyooka vizuri. Alishuka taratibu, akafungua daftari, akaandika, na kwa kuwa kamati imesisitiza ninakili neno kwa neno, nanakili: Namba 4,809. Injini: moja. Aina: fundi. Nguvu: ndogo. Hatua: imezimwa langoni.

Watu walicheka mpaka karani wa stoo akaketi chini. Mimi nilikuwa nimeegemea mishikio ya kazi yangu ya siku ishirini na mbili. Lakini nilimwona Bwana Zima anavyofunga daftari, na yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia njia, pale inapopinda kuingia porini, kama mtu anayeangalia basi lililokwisha kuondoka.

Mke wake alifika katikati ya kelele hizo, amemletea dawa. Ni mwalimu mstaafu, hesabu, darasa la tatu, miaka thelathini na mitatu ubaoni. Aliuliza kuna nini, akaelezwa na watu sita kwa pamoja. Akawanyamazisha kwa kidole. Akauliza kibanda kiko umbali gani. Tisa. Daktari ameruhusu ngapi kwa siku. Mbili. Mume wake amebakiza siku ngapi za likizo. Ishirini na tatu. Akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi, akaniambia nigawanye tisa kwa mbili. Nikasema nne na nusu. Akasema siku hazikatwi nusu, kwa hiyo tano kwenda na tano kurudi, jumla kumi, zinabaki kumi na tatu za kupumzisha goti. Kisha akaniuliza kama darasa la tatu nilipita au nilipitishwa.

Mimi ninayejivunia hesabu. Mimi niliyehesabu injini 4,812. Nilitumia siku ishirini na mbili na kilo kumi na nane za chuma kukwepa swali la kugawanya. Maisha yangu yote nimehesabu kilomita kwa saa, na haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kuhesabu kilomita kwa siku.

Mwalimu hakuwa amemaliza. Alisema mtu wa goti hawezi kubeba maji, hema na chakula cha siku kumi, na kwamba mkokoteni unaonekana imara. Bwana Zima akafikiri, akasema mizigo haitokwi na jasho toka ilipoumbwa, kwa hiyo kwake kanuni haina tatizo, mradi nipunguze upepo kwenye matairi na nisitoke kwenye njia. Hivyo ndivyo nilivyopata safari yangu ya kwanza ndani ya pori kwa miguu, baada ya miaka kumi na tisa ya kufanya kazi kwenye mlango wake. Nilivuta kilo themanini na sita. Hazikujumuisha abiria.

Tulitoka asubuhi. Alitembea polepole, fimbo mkono mmoja, na mimi nyuma nikijifunza kwamba buti za karakana hazikutengenezwa kwa kwenda mahali. Hatukuwa tumefika mbali aliposimama na kuegemea fimbo. Nilidhani goti. Alikuwa anaangalia pembeni ya njia. Nikaangalia na mimi.

Mifereji miwili ilikuwa imelala kwenye udongo, sambamba, imenyooka, upana wa pikapu. Haikuwa imeota kitu. Kila upande nyasi zilisimama hadi magotini, na katikati ya nyasi ile mistari miwili ilikuwa mitupu kama miguu chini ya kaptula. Nilijua ni nini kabla sijaambiwa. Hata upana wa yale matairi niliutambua. Mimi ndiye niliyeyafunga.

Bwana Zima alitoa mfukoni rula ya mbao, ya shule, bila shaka ya mke wake, akaniomba nimshikie fimbo, akainama, akapima kina. Akaniomba niandike. Daftari la Injini lina ukurasa wa mwisho ambao sikuwahi kuufungua, maana nilizoea kutafuta jina langu mbele. Pale palikuwa na tarehe ishirini, ya kwanza siku niliyoingia na pikapu, kisha moja kila mwaka siku ileile, na mbele ya kila tarehe namba. Ya kwanza ni sentimita kumi na moja. Ya mwaka huu, sentimita nne. Hakuandika jina langu popote kwenye ukurasa ule. Aliandika tu: Mita 340, inapona.

Miaka yote hiyo nilidhani ananichunga mimi. Alikuwa anamuuguza mgonjwa mwingine.

Nikafanya hesabu. Sentimita saba kwa miaka kumi na tisa. Zilizobaki nne, kwa mwendo huohuo, ni miaka kumi na moja. Mimi nimebakiza minane. Maana yake nitastaafu miaka mitatu kabla ya kosa langu. Nilimwambia matokeo. Akasema hesabu ni sahihi. Nilitaka kumwomba radhi, badala yake nikamuuliza kama goti linauma. Akasema kidogo. Tukaendelea.

Siku tano tulitembea hivyo, saa moja na robo kila asubuhi, na siku iliyobaki tunakaa. Sikujua kukaa. Siku ya pili nilifungua mkokoteni na kuufunga tena bila kuwa na ubovu wowote. Siku ya tatu nilifanya hivyohivyo, na Bwana Zima akaniuliza kama safari hii nati zimetosha. Siku ya nne nilikaa. Nilisikia ndege ambao, kwa miaka kumi na tisa, nilikuwa nadhani ni mkanda wa feni unaolia.

Kibandani tulifika siku ya tano kabla ya saa nne asubuhi. Mabati yale yapo mpaka leo, hayavuji. Ukutani misumari sita, filimbi nne. Bwana Zima alivua yake shingoni, akaifuta kwa shati, akaitundika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, na leso nilikuwa nayo. Aliigusa ikatulia, akageuka, akaniambia tairi la kushoto limepungua upepo kupita kiasi. Lilikuwa limepungua kweli.

Nafasi yake langoni inachukuliwa na msaidizi wake wa miaka sita, dada yetu mkimya ambaye wengine walidhani atakuwa mwepesi. Wasidhani hivyo. Jana ameniagiza nisogeze pikapu nyuma, na mimi nilikuwa nje ya mstari kwa sentimita nne nzima. Kwake, alisema, sentimita nne ni kivuli tu, si nafasi. Naona amerithiwa vizuri.

Bwana Zima, kwa niaba ya watumishi wote, waliokaguliwa na watakaokaguliwa, asante. Mwalimu, asante kwa kutuazima mume wako miaka thelathini na moja, na samahani kwa swali la darasa la tatu. Tunawaombea asubuhi zisizo na zamu, goti linalosikiliza, na barabara ya nyumbani kwenu iwe na magari mengi usiyolazimika kuyasimamisha.

Rula uliyoniachia ipo kwenye droo ya karakana, droo ya juu, peke yake. Tarehe naijua. Nitapima kila mwaka kwa miaka minane, na kabla sijaondoka nitamtafuta wa kumwachia ile mitatu.

Na gari la kukupeleka nyumbani leo limeegeshwa nje ya mstari. Nimepima mara mbili.